Saini, Simu na Dhamana katika Tamthilia za Arthur Miller

Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba mchezo wa kuigiza ni kitu cha kuwapumbazia watu baada ya kazi, na kwamba mwenye shughuli za umma hana haja ya kujua yanayosemwa jukwaani, seuze jukwaa la nchi ya mbali kama Marekani. Sisi hatukubaliani nao. Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi nzima mabegani pale alipokaa kufasiri tamthilia za Shakespeare, na Mabepari wa Venisi, aliyoitoa mwaka 1969, haikuwa kazi ya mtu aliyekosa la kufanya. Tamthilia njema humwuliza mtu maswali ambayo mkaguzi wa hesabu hana ruhusa ya kuyauliza. Kwa hivyo leo tumekusudia kumzungumza mwandishi mmoja wa Kimarekani ambaye kazi zake, kwa maoni yetu, zingefaa kusomwa katika kila afisi yenye muhuri.

Arthur Miller alizaliwa New York tarehe 17 Oktoba 1915. Baba yake alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka upande wa Poland, akainukia kuwa mwenye kiwanda cha makoti ya wanawake. Soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929 mali ile ikayeyuka kama chumvi majini, na aila nzima ikajikuta Brooklyn katika nyumba ndogo. Kijana Miller alifanya kazi katika ghala ya vipuri vya magari, akadunduliza ada yake senti kwa senti, akaingia Chuo Kikuu cha Michigan na kuhitimu mwaka 1938. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa mafundi wa karakana ya manowari ya Brooklyn. Tamthilia yake ya kwanza kufika Broadway, mwaka 1944, iliondolewa baada ya maonyesho manne tu. Twataja haya si kwa kupamba hadithi, bali kwa sababu mtu huyu aliyaona kwa macho yake mambo mawili ambayo hakuyaacha hadi alipofariki tarehe 10 Februari 2005: jinsi fedha inavyomnyanyua na kumwangusha mtu bila kumtaka ushauri, na jinsi mtu anayeogopa kuanguka anavyoweza kuwatenda wenzake.

Katika kazi zake zote kubwa limo swali moja. Mtu anawajua walio wake: mke, watoto, jirani wa mlango wa pili. Kwa hao atakesha, atakopa, hata ataiba. Je, ana dhamana gani kwa wale asiowajua majina, wanaokaa mbali, ambao hatakutana nao kamwe lakini maisha yao yamo mikononi mwake?

Swali hilo limewekwa wazi katika All My Sons, yaani Wote ni Wanangu, tamthilia ya mwaka 1947 iliyompa Miller jina. Joe Keller ana kiwanda kinachotengeneza vipuri vya injini za ndege za vita. Siku moja inatoka shehena ya silinda hedi zenye nyufa. Jeshi linasubiri, simu zinalia, na Keller anajua kwamba shehena ikikataliwa mkataba unaweza kwenda kwa mwingine na kazi ya umri wake wote ikafungwa. Nyufa zinazibwa kwa kuchomelewa, mali inapelekwa. Ndege 21 zinaanguka Australia pamoja na marubani wake. Mahakamani Keller anasema siku hiyo alikuwa nyumbani, mgonjwa wa homa ya mafua. Aliyeidhinisha ni mshirika wake, Steve. Steve anabaki gerezani, Keller anarudi mtaani na kucheza na watoto wa majirani.

Sasa tuangalie kwa makini namna kosa lenyewe lilivyotendwa, maana hapa ndipo tunapowaomba wenye madaraka wasome polepole. Keller hakutia saini popote. Steve alimpigia simu akamweleza hali ya shehena. Keller akamwambia kwa simu azibe na apeleke, na kwamba lawama ikitokea ataibeba yeye. Simu haina kumbukumbu. Siku ya hesabu ilipofika, aliyekuwa kiwandani ndiye aliyefungwa, na aliyekuwa mwisho wa waya akawa hakusema kitu. Tunadhani hapana mfanyakazi wa serikali, popote duniani, asiyeijua amri ya simu. Mkubwa hataki kuandika. Anasema, wewe malizia tu, nitakulinda. Karani anamaliza. Karatasi inayobaki katika jalada ina jina la karani.

Uongo wa Keller unafichuka kwa neno dogo. Mkewe, Kate, akizungumza na wageni, anaisifu afya ya mumewe: hajalala kitandani kwa maradhi miaka kumi na mitano. Mtoto wa Steve yumo barazani na anasikia. Kama hajaugua miaka kumi na mitano, ile homa ya siku ile ilitoka wapi? Kate mwenyewe amekuwa akiijua kweli siku zote. Mwanawe mmoja, Larry, rubani, alipotea vitani, naye mama hataki kabisa kukubali kwamba amekufa, kwa kuwa akikubali hilo atalazimika kukubali pia kwamba baba mtu amewaua vijana wa namna yake. Hatimaye inasomwa barua ya Larry. Kijana alisoma gazetini habari za kesi ya baba yake, akaona haya kuwatazama wenzake, akaruka na ndege kwa nia ya kutorudi. Hapo ndipo Keller anapoelewa kwamba wale 21 nao walikuwa wanawe. Anaingia ndani na kujipiga risasi.

Miller hakuitunga habari hii kutoka hewani. Alisikia kisa cha mtu wa Ohio aliyeshitakiwa kwa wakuu na binti yake mwenyewe kwa kuliuzia jeshi vipuri vibovu. Na katika jimbo hilohilo, kamati ya Seneti iliyokuwa ikiongozwa na Harry Truman ilieleza mwaka 1943 jinsi kiwanda cha kampuni ya Wright Aeronautical mjini Lockland kilivyokuwa kikipitisha injini zisizofaa kwa vyeti visivyo vya kweli. La kuangaliwa ni kwamba waliotiwa hatiani mwaka 1944 walikuwa maofisa wa jeshi, watu waliowekwa pale kukagua, na kosa lao liliitwa kuzembea kazi. Maana yake, mbovu haipiti kwa mwuzaji mwovu peke yake. Yuko pia aliyepewa mshahara wa kuitazama akageuza uso.

Hapa tuna neno la kumsahihisha Miller, au angalau kubishana naye. Keller anakufa kwa mkono wake, pazia linafungwa, na watazamaji wanakwenda zao wakihisi kuwa haki imetendeka. Sisi tuliolelewa chuoni tulifundishwa kwamba deni la mtu hulipwa kwa mtu. Mauti ya Keller hayamtoi Steve gerezani hata kwa siku moja, wala hayapeleki chochote katika nyumba 21 zilizofiwa. Mwanawe Chris alikuwa akimtaka aende mwenyewe kwa wakuu, aseme kweli. Hilo ndilo lililokuwa zito. Bastola ilikuwa njia ya mkato, na mtu aliyezoea njia za mkato hakuiacha tabia yake hata mlangoni mwa kaburi.

Miaka miwili baadaye ikaja Death of a Salesman, Kifo cha Mchuuzi, iliyofunguliwa New York tarehe 10 Februari 1949 na kuonyeshwa mara 742. Willy Loman ana umri wa miaka 63. Zaidi ya miaka 30 ameendesha gari kutoka mji hadi mji akiuza bidhaa za kampuni moja, na sasa kampuni imemwondolea mshahara, anaishi kwa kamisheni kama mtu aliyeanza jana. Tamthilia haitwambii katika masanduku yake mlikuwa na bidhaa gani. Miller alifanya hivyo makusudi, kwani bidhaa ya Willy ni Willy mwenyewe: tabasamu lake, viatu vyake vilivyong'arishwa, imani yake kwamba mtu akipendwa na watu atafanikiwa.

Onyesho la Willy mbele ya bwana wake ni la kuumiza. Mwajiri, Howard, ni kijana aliyerithi kampuni kwa baba. Willy alikuwapo alipopewa jina. Mzee amekuja kuomba kazi ya mjini asiendeshe tena gari masafa marefu. Howard hana nafasi ya kumsikiliza, ana mashine mpya ya kunasia sauti, anamsikilizisha binti yake akipiga mluzi na mwanawe akitaja miji mikuu ya majimbo. Willy anataka dola 65 kwa wiki. Anakataliwa. Anashuka hadi 50. Anashuka hadi 40. Mtu anajipunguza bei mwenyewe kama mwuza samaki jioni, naye bado hapati mnunuzi, na mwisho anaambiwa hata zile safari asiende tena. Tumesoma vitabu vingi vinavyoeleza unyonyaji kwa hesabu na majedwali. Sijui kama kuna jedwali linaloeleza zaidi ya namba hizo tatu, 65, 50, 40, zikitoka kinywani mwa mzee mmoja.

Lakini ingekuwa kosa kumfanya Willy malaika aliyeonewa, na wapo wenzetu wa upande wetu wa fikra waliolitenda kosa hilo. Willy ni mwongo. Anawadanganya wanawe kuhusu mapato yake, anawasifu hata katika wizi wao mdogo, anamdharau jirani yake Charley aliye mwema kuliko yeye. Charley humkopesha dola 50 kila wiki na kumtolea kazi. Willy huchukua fedha na kuikataa kazi, kwa kuwa fedha anaweza kuiita mkopo, ilhali kazi ingekuwa kukiri. Mwanawe mkubwa, Biff, alimkuta na mwanamke katika hoteli ya Boston, na tangu siku hiyo kijana hakuweza tena kusimama sawa. Bepari hakumpeleka Willy katika chumba kile. Ubora wa Miller ni kwamba anaiona kazi mbovu ya mfumo na anaiona pia kazi mbovu ya moyo, wala haitumii moja kuifutia nyingine.

Kuna mtu katika tamthilia hii anayetuhusu sisi Waafrika zaidi ya wengine, nasi twashangaa kwamba wahakiki wa huko hawamtazami kwa jicho hili. Ni Ben, kaka yake Willy, ambaye ni marehemu lakini humjia ndotoni na mkoba wa safari na mwavuli. Ben ndiye kielelezo cha mafanikio: aliingia msituni akiwa na miaka 17, akatoka na miaka 21 akiwa tajiri. Msitu gani? Afrika. Utajiri gani? Almasi. Willy anaisimulia hadithi hiyo kwa wanawe kama mtu anayesimulia muujiza, na hakuna jukwaani anayeuliza almasi zile zilikuwa za nani kabla ya kijana wa Kimarekani kutia mkono, wala ni mikono ya nani iliyozichimba. Miller, tunaamini, alijua alichokuwa akikiweka. Ndoto iliyomwua mchuuzi wa Brooklyn ilikuwa na mzizi wake katika udongo wa watu wengine.

Willy anaiendesha gari yake usiku na kujiua ili aila yake ilipwe bima ya dola 20,000. Hatuambiwi kama ililipwa. Tunaloambiwa ni kwamba mkewe, Linda, anasimama kaburini siku ileile alipolipa fungu la mwisho la mkopo wa nyumba, uliodumu miaka 25. Nyumba imekuwa yao, na hakuna wa kuikaa. Friji ilikuwa ya mkopo, gari ya mkopo, na kila kitu kiliharibika karibu na siku ya kumalizika deni lake. Waliozoea kununua kwa mafungu hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Miller mwenyewe amesimulia kwamba usiku wa ufunguzi watu hawakupiga makofi mara moja. Walikaa kimya, wanaume wakijifuta machozi. Akasimulia pia kwamba Bernard Gimbel, tajiri mwenye maduka makubwa, alitoka ukumbini akatoa amri kwamba katika maduka yake asifukuzwe mtu kwa sababu ya uzee. Kama ndivyo, basi tamthilia moja ilifanya usiku mmoja kazi ambayo hubidi chama cha wafanyakazi kuipigania miaka. Hata hivyo sisi hatupendi haki inayotegemea tajiri kwenda kutazama mchezo.

Mwaka 1983 Miller alikwenda Beijing kuisimamia tamthilia hii ikichezwa kwa Kichina, naye Ying Ruocheng aliyeifasiri ndiye aliyecheza nafasi ya Willy. Wengi walikuwa na shaka: nchi ile haikuwa na wachuuzi wa kusafiri wala bima za maisha za namna ile. Watazamaji wakaielewa. Baba anayemtaka mwanawe awe kitu ambacho mwana hakuumbwa kuwa si mali ya Brooklyn.

A View from the Bridge, Mtazamo Kutoka Darajani, ni ya mwaka 1955, ikaandikwa upya mwaka 1956 kwa ajili ya London. Msomaji wetu wa mjini asitaraji kukuta humo soko letu la Darajani. Daraja linalokusudiwa ni la Brooklyn. Lakini watu wa visiwani wataona mengi wanayoyajua. Eddie Carbone ni mchukuzi wa bandarini, na nyumbani kwake wanafikia kwa siri ndugu wawili wa mkewe, Marco na Rodolpho, waliokimbia njaa ya kisiwa chao cha Sicily. Marco ameacha mke na watoto, mmoja wao mgonjwa wa kifua, na kila dola anaituma. Mtaa mzima unajua kwamba wako pale kinyume cha sheria, na mtaa mzima umenyamaza, maana kumchongea mgeni aliyekimbilia mlangoni pako ni aibu isiyooshwa.

Eddie amemlea Catherine, mtoto wa dada wa mkewe, na mapenzi yake kwa binti huyo yamepita mpaka bila yeye mwenyewe kuthubutu kuyatazama. Catherine anampenda Rodolpho. Basi Eddie, aliyekuwa mtu mwaminifu, anaingia katika kibanda cha simu na kuwaita watu wa Uhamiaji. Tazama tena: ni simu, hakuna jina, hakuna saini. Mbele ya sheria Eddie hakukosa chochote. Amefanya tendo la raia mwema. Mwanasheria Alfieri, anayetusimulia kisa, analijua hilo na linamtesa. Marco anapokamatwa anamtemea Eddie mate usoni mbele ya watu, na kuanzia hapo Eddie hataki kingine duniani ila arudishiwe jina lake. Anakufa kwa kisu chake mwenyewe, kikiwa kimegeuzwa na mkono wa Marco.

Ili kuifahamu tamthilia hii lazima tukumbuke mambo ya wakati ule. Elia Kazan, mwongozaji aliyezipandisha jukwaani Wote ni Wanangu na Kifo cha Mchuuzi, na rafiki mkubwa wa Miller, alifika mwaka 1952 mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti, akataja majina ya wenzake wa zamani. Kisha mwaka 1954 akatoa filamu, On the Waterfront, ambamo mchongezi wa bandarini ndiye shujaa. Miller naye akaleta mchongezi wake wa bandarini. Marafiki wawili walijibizana kwa kazi badala ya matusi, jambo ambalo wasomi wetu wanaorushiana maneno magazetini wangelitafakari.

Tumeiacha mwisho The Crucible, iliyotangulia mwaka 1953, kwa sababu ndiyo inayowahusu zaidi wenye kuhukumu na kutawala. Kwa Kiswahili jina lake ni Kalibu, chungu kile ambamo sonara huyeyusha dhahabu ili taka zijitenge. Mahali ni Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Wasichana wamekamatwa wakicheza ngoma usiku mwituni. Kwa kuogopa adhabu wanadai wamerogwa na kuanza kutaja watu. Wa kwanza kusukumwa mbele ni Tituba, mtumwa aliyeletwa kutoka kisiwa cha Barbados, asiye na wa kumtetea. Kisha wakatajwa maskini, halafu walevi, halafu wanawake wacha Mungu, na kila aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba akaona fursa. Kanuni ya mahakama ilikuwa ya ajabu: anayekiri uchawi anaishi, anayekana ananyongwa. Katika historia yenyewe walinyongwa watu 19, na mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe hadi kufa kwa kukataa kujibu shitaka. Nasi tusicheke Wazungu wa karne ya kumi na saba. Huko bara, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa katika zama zetu hizi kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni.

Katika tamthilia hii kila jambo ni saini. John Proctor na wenzake wanaleta mbele ya hakimu Danforth karatasi ya kuwashuhudia wake zao wema, iliyotiwa saini na majirani 91. Danforth anafanya nini? Anaamuru wote 91 waitwe wahojiwe. Mzee Francis Nurse, aliyewaahidi majirani kwamba hawatapata madhara, anabaki ameduwaa. Kuna viongozi ambao kila mara hulalamika kwamba wananchi hawatoi maoni. Wasome onyesho hilo, huenda wakapata jibu.

Danforth si jambazi. Hali rushwa, hana chuki na mtu, ni msomi, anajua sheria kuliko wote waliomo. Ndiyo maana anatisha kuliko jambazi. Katika onyesho la mwisho amekwisha kuona dalili zote kwamba mashahidi wake ni waongo: mkuu wao, Abigail, amekimbia na fedha zilizoibwa. Mchungaji Hale, aliyeanza kwa bidii kubwa na kutia saini hati za vifo, sasa anamwomba kwa machozi aahirishe. Danforth anakataa, na sababu yake ni hii: watu 12 wamekwisha kunyongwa kwa tuhuma hizohizo. Akisita leo, itaonekana kwamba wale wa jana walikufa bila hatia. Basi lazima wa leo nao wafe ili saini ya jana isiaibike. Tumelirudia onyesho hili mara nyingi, na kila mara tumejiuliza ni maamuzi mangapi katika afisi za dunia hii yanayoendelea si kwa kuwa ni sahihi, bali kwa kuwa yamekwisha kutiwa saini na mtu mkubwa.

Proctor anakubali kukiri uongo ili aishi, ana mke mjamzito na watoto. Lakini Danforth anataka na karatasi, ibandikwe mlangoni mwa kanisa. Proctor anatia saini, kisha anaichukua na kuichana. Yuko tayari kumdanganya hakimu. Hayuko tayari jina lake litumiwe kuwatia hatiani wenzake waliokataa kukiri. Huyu hafi kama Keller. Keller alikufa kuikimbia hesabu, na Proctor alikufa kwa kuingia ndani yake.

Lipo la kulaumu. Katika kumbukumbu za Salem, Abigail Williams alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, na Proctor mzee wa miaka kama sitini. Miller alimwongezea msichana umri na kumpunguzia mwanamume, akatia zinaa kati yao, hata maafa ya mji mzima yakaonekana kuanzia katika tamaa ya mwanamke mmoja. Ni udhaifu unaojirudia kwake: wanaume wake huanguka kwa fahari, wanawake hubaki kusubiri, kusamehe, au kulaumiwa. Linda anajua yote kuhusu mumewe, lakini hatujui yeye mwenyewe alitaka nini.

Ilipotoka, Kalibu haikupokewa vizuri. Watu walijua ni kamati gani iliyokuwa ikisemwa. Mwaka 1954 Miller alinyimwa pasi ya kwenda Brussels kuitazama ikichezwa. Mwezi Juni 1956 akaitwa yeye mbele ya kamati. Kwa kauli yake mwenyewe, mwenyekiti alikuwa tayari kuufuta mwito ule kama angepigwa picha pamoja na mchumba wa Miller, Marilyn Monroe. Alijibu yaliyomhusu yeye, akakataa kutaja majina ya wengine. Mwaka 1957 alitiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, na mwaka 1958 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Miaka mitatu kabla ya kuitwa alikwisha kumwandika Giles Corey akikataa kumtaja mahakamani mtu aliyempa habari.

Mwaka uleule wa 1957, Bunge la Massachusetts lilipitisha azimio la kuwasafisha baadhi ya waliohukumiwa Salem, likamtaja kwa jina mmoja wao, Ann Pudeator, na wengine likawaita watu fulani tu. Mwaka 1711 wakuu wa koloni walikwisha kutoa fidia kwa baadhi ya aila. Mwaka 2001 yakaongezwa majina matano. Likabaki moja: Elizabeth Johnson, msichana wa miaka 22 aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 1693 na kuponea chupuchupu, asiyeacha mtoto wa kumdaia. Wanafunzi wa skuli moja ya jimbo hilo, pamoja na mwalimu wao, walilifukua jalada lake wakawaandikia wabunge. Mwezi Julai 2022 jina lake lilisafishwa, kwa kifungu kilichochomekwa ndani ya muswada wa bajeti.